Nuru ya Ubavuni

1. Nyayo za asubuhi

Wafuatao nyayo za wanyama porini wajua jambo ambalo wapita njia wengi hawalijui. Asubuhi, jua likiwa bado chini, nyayo huonekana wazi katika vumbi: kila alama ya ukwato ina ukingo wake, na kila ukingo una kivuli chake. Saa sita mchana nyayo zile zile, katika njia ile ile, huwa kama zimefutwa. Wala si upepo uliozifuta, wala si mnyama aliyerudi kuzikanyaga. Alasiri, jua literemkapo, huonekana tena. Kwa hiyo mfuata nyayo hodari hupenda kufanya kazi yake asubuhi na jioni, naye hujiweka mahali ambapo nyayo zi kati yake na jua.

Jambo hili lashangaza kidogo. Saa sita nuru ni nyingi kuliko asubuhi, na macho ya mwindaji ni yale yale. Mtu angedhani ya kuwa nuru ikizidi, na kuona kutazidi. Sivyo ilivyo. Alama iliyo juu ya kitu huonekana au hufichika kwa sababu ya upande ambao nuru hutoka, na mahali jicho lilipo. Wingi wa nuru huja nyuma ya mambo hayo mawili.

Somo hili laeleza sababu zake, tena laonyesha jinsi mafundi watumiavyo elimu hiyo kutafuta mikwaruzo midogo juu ya mbao, vioo na mabati. Mkwaruzo mdogo juu ya meza ni aibu tu ya seremala. Mkwaruzo mdogo mahali pengine waweza kuwaua watu mia mbili na zaidi, kama itakavyoonekana mbele.

2. Kivuli hupima kina

Na ifikiriwe punje moja ya mchanga, yenye kimo cha milimita 1, imewekwa juu ya meza iliyo sawa. Taa ikiwa juu kabisa ya punje, kivuli chake chote kiko chini yake, wala hakionekani. Taa ikiwekwa upande, nuru yake ikaja kwa pembe ya digrii 45 juu ya meza, kivuli huwa na urefu wa milimita 1, sawasawa na kimo cha punje. Taa ikishushwa hata digrii 10, kivuli hufika karibu milimita 6. Ikishushwa hata digrii 5, kivuli hupita milimita 11. Punje haikukua hata kidogo, lakini alama yake juu ya meza imekuwa ndefu mara kumi na zaidi.

Mkwaruzo hufuata kanuni hiyo hiyo. Mkwaruzo ni mfereji mwembamba, wenye kingo mbili. Nuru itokayo juu hushuka hata chini ya mfereji, ikaujaza. Basi mfereji na uwanja wake huwa na mwanga mmoja, jicho lisiweze kuvitenga. Nuru itokayo ubavuni huangaza ukingo mmoja na kuuacha wa pili katika giza. Hapo ndipo jicho lionapo mstari.

Seremala huijua hesabu hiyo bila kuiandika. Seremala mmoja alikuwa na mwanafunzi aliyepiga randa ubao wa meza. Alipomaliza akasema, "Fundi, kazi imekwisha. Nimeutazama ubao huku nje juani, hauna hata alama moja."

Yule mzee hakubishana naye. Alisema, "Vema, mwanangu. Sasa uchukue ndani, uulaze karibu na dirisha. Kisha iname, utazame kuelekea dirishani."

Kijana akafanya kama alivyoambiwa. Akaona mawimbi ya randa toka mwisho wa ubao hata mwisho wa pili, na katikati yake mikwaruzo mitatu, iliyofanywa na chuma cha randa kilichomeguka ncha. Akauliza, "Fundi, mikwaruzo hii ilikuwa wapi?"

Mzee akajibu, "Ilikuwa hapo hapo. Jua lilikuwa utosini pako, likaijaza nuru hata chini. Nenda ukanoe randa."

3. Mwezi na kanuni hiyo

Kanuni aliyoifahamu seremala yule ndiyo iliyofundisha watu umbo la mwezi. Zamani wataalamu wengi wa Ulaya walishika ya kwamba mwezi ni tufe laini, lisilo na bonde wala mlima. Mwishoni mwa mwaka 1609, Galileo Galilei, aliyekuwa mwalimu katika mji wa Padua nchini Italia, aliuelekezea mwezi darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Hakuutazama ulipokuwa mpevu tu, bali aliutazama usiku baada ya usiku, tangu ulipokuwa mwembamba.

Aliona ya kuwa mpaka ulio kati ya sehemu yenye nuru na sehemu yenye giza haukuwa mstari safi, bali ulikuwa umekatika-katika kama ukingo wa kitambaa kilichoraruka. Aliona pia nukta za nuru ndani ya giza, mbali kidogo na mpaka ule. Na saa zilipopita, nukta zile zilikua hata zikaungana na sehemu yenye nuru. Akafahamu ya kwamba zilikuwa vilele vya milima, vilivyopata jua kabla ya mabonde yake, kama vile kilele cha Kilimanjaro kipatavyo jua wakati mashamba ya chini yangali gizani. Kwa umbali wa nukta zile toka mpakani alikadiria kimo cha milima yenyewe. Mambo hayo aliyachapisha katika mji wa Venice mwaka 1610.

Mwezi mpevu una nuru nyingi kuliko mwezi wa nusu, lakini milima yake haionekani vema wakati huo. Jua hupiga uso wa mwezi toka upande ule ule ambao dunia iko, na vivuli vyote hujificha nyuma ya vitu vyenyewe. Mtu aliye na darubini hata leo, akitaka kuona mashimo ya mwezi, hutazama karibu na mpaka wa giza, mahali ambapo jua lachomoza au lachwa juu ya mwezi.

4. Vitu ving'aavyo

Vumbi, mbao na mawe ya mwezi ni vitu visivyong'aa: nuru ikivipiga hutawanyika pande zote. Kioo, bati lililosuguliwa na rangi ya motokaa mpya vina desturi nyingine. Nuru iangukapo juu ya kitu laini king'aacho hurudi upande wa pili kwa pembe ile ile iliyojia, kama mpira utupwao kimshazari juu ya sakafu ngumu. Kwa hiyo mtu atafutaye mkwaruzo juu ya kioo hana budi kujiuliza maswali mawili: nuru yatoka wapi, na baada ya kupiga yaenda wapi?

Jicho likiwekwa katika njia ya nuru irudiyo, kioo chote hung'aa. Mkwaruzo ulio juu yake hauirudishi nuru kwa njia iliyo sawa, kwa maana kingo zake zimeinama. Nuru yake huenda kwingine. Basi huonekana kama mstari mwembamba mweusi katika uwanja mweupe. Njia hii hufaa kwa alama pana, lakini mkwaruzo mwembamba sana humezwa na mng'ao.

Jicho likiwekwa nje ya njia ya nuru irudiyo, mambo hugeuka. Nuru yote iliyorudi vema yapita kando, wala haifiki jichoni. Kioo chaonekana cheusi. Ni kingo za mkwaruzo peke yake zitupazo nuru kidogo kuelekea jicho. Basi mkwaruzo hung'aa kama uzi wa fedha juu ya kitambaa cheusi. Kwa njia hii hata mkwaruzo mwembamba mno, usioweza kuonekana kwa njia ya kwanza, hujionyesha wenyewe.

Kila mtoto amekwisha kuliona jambo hili, ingawa hakulijua. Nyumba ikifungwa madirisha, na mwali mmoja wa jua ukipenya katika tundu la paa, vumbi huonekana likielea katika mwali huo. Vumbi lile liko nyumbani kote. Lakini lililo ndani ya mwali hutupa nuru upande, nyuma yake pana giza, na jicho liko kando ya njia ya mwali. Hayo matatu ndiyo siri ya kazi yote: nuru ya ubavuni, giza nyuma ya kitu, na jicho lililo nje ya mng'ao.

5. Jaribio la mfuniko wa sufuria

Mwanafunzi na atwae mfuniko wa sufuria, au sahani ya bati, iliyosuguliwa kwa mchanga au majivu muda wa miezi mingi. Na aingie katika chumba chenye giza, awashe taa moja ndogo, akamate mfuniko hata aione sura ya taa ikimetameta juu yake. Ataona jambo la ajabu: kuizunguka sura ya taa kuna duara nyingi nyembamba, moja ndani ya nyingine, kama utando wa buibui.

Huenda akasema ya kuwa msuguaji alizungusha mkono, ndiyo sababu ya duara zile. Basi na asogeze taa kidogo. Duara zitahama pamoja na sura ya taa, zikaizunguka mahali pake papya. Mikwaruzo ya bati haiwezi kuhama. Basi duara zile zatoka wapi?

Sababu yake ni hii. Mfuniko una mikwaruzo mamia, iliyolala kila upande bila mpango. Lakini kila mkwaruzo hutupa nuru pande zilizoukata kwa mraba, wala hautupi nuru kwa urefu wake. Mkwaruzo uliokingama mbele ya nuru huonekana; mkwaruzo uliolala sambamba na njia ya nuru hujificha. Katika mikwaruzo yote iliyo karibu na sura ya taa, ile iliyokingama ndiyo ing'aayo, na hiyo ikiungana machoni hufanya umbo la duara. Mingine yote ipo, lakini imenyamaza.

Jaribio hili lafundisha kanuni kubwa. Taa moja ni kama shahidi mmoja: husema kweli, lakini husema yale tu aliyoyaona kutoka mahali aliposimama. Atazamaye bati kwa taa ya upande mmoja, kisha akasema, "Bati hili ni safi," amesema zaidi ya alivyoona. Hana budi kuigeuza taa, au kugeuza bati lenyewe, hata nuru ilipige toka pande zote. Mkwaruzo uliojificha mbele ya taa ya kwanza utajitokeza mbele ya taa iliyokuja kwa kuukingama.

6. Vumbi, uzi na mkwaruzo

Nuru ya ubavuni ina hatari yake pia. Kama ionyeshavyo mkwaruzo, huonyesha na vumbi, alama za vidole, na nyuzi za kitambaa. Uzi mdogo ulio juu ya kioo hung'aa sawa na mkwaruzo. Kwa hiyo fundi husafisha kitu kwanza, ndipo atazame. Akitilia shaka mstari fulani, hupangusa tena. Ukihama, ulikuwa uzi. Usipohama, na ukisikika chini ya ukucha au ukionekana mfereji katika lenzi ya kukuzia, ni mkwaruzo.

Hatari ya pili ni ya kipimo. Mkwaruzo ule ule waonekana mkubwa chini ya taa hii, na mdogo chini ya taa ile. Watu wawili waweza kukitazama kioo kimoja, mmoja akakikataa na wa pili akakikubali, na wote wawili wakawa wakweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vilipofanya lenzi nyingi za darubini na kamera, ugomvi wa namna hii uliwachosha wauzaji na wanunuzi. Mwaka 1945, McLeod na Sherwood, wataalamu wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, walitoa shauri la kuuweka mkwaruzo katika daraja kwa kuulinganisha na mikwaruzo ya mfano. Baadaye daraja zilizotumika sana Marekani zilikuwa 10, 20, 40, 60 na 80. Hesabu ikizidi, mkwaruzo waonekana zaidi.

Lakini kulinganisha huko hakufai kitu taa zikiwa mbalimbali. Mkwaruzo wa mfano na mkwaruzo wa lenzi hutazamwa chini ya taa moja, kwa pembe moja, mbele ya uwanja mmoja wenye giza. Kama vile mizani isiyo na jiwe la kupimia ilivyo bure, ndivyo lilivyo jicho lisilo na taa iliyokubaliwa.

7. Mashine zitazamazo

Siku hizi viwanda vingi hutumia kamera na kompyuta mahali pa macho ya mtu, kwa maana kamera haichoki wala haisinzii. Lakini kamera haikuepuka kanuni za seremala. Kamera ikiwekewa taa mbele yake, mkwaruzo hufichika, hata kompyuta ikiwa na akili namna gani. Hakuna hesabu iwezayo kutoa katika picha alama ambayo nuru haikuiandika humo. Kwa hiyo mafundi wa mashine hizo hutumia taa za mviringo zilizowekwa chini, karibu na uso wa kitu, nuru ije toka pande zote kimshazari, na kitu laini kionekane cheusi.

Njia nyingine ni kupiga picha kadha za kitu kimoja, kamera ikikaa mahali pamoja, na taa zikiwashwa moja baada ya moja, kila moja upande wake. Mwaka 1980 Robert Woodham, mtaalamu wa Kanada, alieleza jinsi picha za namna hiyo ziwezavyo kuonyesha mwinamo wa kila sehemu ya uso wa kitu. Doa la wino hubaki mahali pake, nalo ni jeusi katika picha zote. Mkwaruzo hubadilika: ukingo ung'aao katika picha moja huwa na giza katika picha nyingine. Hivyo mashine hutambua lipi ni doa la rangi na lipi ni mfereji. Ni kazi ile ile ya mwanafunzi aliyegeuza mfuniko wa sufuria.

8. Mkwaruzo uliovunja eropleni

Mtu aweza kuuliza: kwa nini kutaabika hivi kwa ajili ya mfereji mwembamba kama unywele? Jibu lapatikana kwa fundi wa kushona. Akitaka kupasua kitambaa kigumu, hakivuti bure. Hukata kidogo ukingoni kwa mkasi, kisha huvuta kwa mikono miwili. Kitambaa chapasuka kuanzia pale alipokata. Nguvu zote za mikono yake hukusanyika katika ncha ya kato lile dogo.

Bati la eropleni huvutwa vivyo hivyo. Eropleni kubwa ipandapo juu sana, ambako hewa ni nyembamba, hewa ya ndani hukazwa ili abiria wapate kupumua. Mwili wa eropleni huvimba kidogo, ishukapo hulegea. Kila safari ni kuvuta na kulegeza, kama mtu akunjaye waya huku na huku hata ukakatika. Palipo na mkwaruzo, nguvu hizo hukusanyika chini ya mfereji wake. Baada ya safari nyingi mkwaruzo huzaa ufa, na ufa hukua polepole, safari kwa safari.

Tarehe 7 Februari 1980 eropleni kubwa ya namna ya Boeing 747, mali ya kampuni moja ya Taiwan, ilipokuwa ikitua Hong Kong, iligonga mkia chini. Mabati ya tumboni karibu na mkia yalikwaruzwa. Mwezi wa Mei mwaka ule ule ilitengenezwa. Maagizo ya kazi yalitaka mikwaruzo isawazishwe, na ikipita kipimo, sehemu ile ikatwe na kuondolewa. Badala yake, bati la kiraka liliwekwa juu ya bati lililokwaruzwa, na mikwaruzo ikabaki chini yake. Eropleni ikaendelea kuruka muda wa miaka 22.

Tarehe 25 Mei 2002 ilitoka Taipei kwenda Hong Kong, ikavunjika vipande angani juu ya bahari iliyo kati ya Taiwan na China. Watu wote waliokuwamo, 225, walikufa. Wachunguzi waliotoa vipande baharini walikuta ufa mrefu chini ya kiraka kile, wakaona ya kuwa ulianza katika mikwaruzo ya mwaka 1980. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Hapa ufa ulifunikwa kabla haujazaliwa, na hapakuwa na ukuta wa kujenga tena.

Katika miaka ile 22 tochi hata bora kuliko zote isingeionyesha mikwaruzo ile, kwa maana nuru haipiti katika bati. Siku ya kuitazama na kuiondoa ilikuwa ile kabla kiraka hakijafunika.

9. Jinsi fundi atazamavyo

Kwa sababu ya hatari za namna hii, mafundi wa eropleni wamewekewa taratibu. Kitabu cha maagizo cha serikali ya Marekani kilichotolewa mwaka 1998 chaeleza jinsi ya kutafuta ufa kwa macho na tochi. Kwanza mahali pa kutazamwa pasafishwe. Kisha tochi ishikwe hata nuru yake ipige bati kwa pembe iliyo kati ya digrii 5 na 45, ikielekea upande wa uso wa fundi. Nuru irudiyo isiingie machoni mwake. Macho yakae juu ya njia yake. Ufa ukionekana, tochi igeuzwe hata nuru iukingame kwa mraba, ndipo urefu wake ufuatwe toka mwanzo hata mwisho. Mwisho, lenzi ya kukuza mara 10 itumiwe kuthibitisha.

Mwanafunzi aliyelifuata somo hili ataona ya kuwa kila neno la agizo hilo lina sababu yake. Kusafisha ni kwa ajili ya vumbi na nyuzi. Pembe ndogo ni kwa ajili ya kivuli. Macho juu ya nuru irudiyo ni kwa ajili ya uwanja wa giza. Kugeuza tochi ni kwa ajili ya mkwaruzo unaolala sambamba na nuru. Mfuata nyayo, seremala, Galileo na fundi wa eropleni wote hufuata kanuni moja.

Isidhaniwe ya kuwa nuru ya ubavuni hufaa kwa kila kazi. Asomaye kitabu, au achaguaye rangi ya kitambaa, hutaka nuru iliyoenea sawa, isiyo na kivuli. Mwenye hekima huchagua taa kwa kadiri ya jambo alitakalo kuona.

Lakini kuona ni nusu ya kazi. Nuru ikiisha kuuonyesha mkwaruzo, kazi yake imekwisha. Yaliyobaki ni ya mtu. Aweza kuusawazisha, au kulikata bati, ingawa kazi itachelewa na bwana wake atakasirika. Au aweza kuufunika, akaandika katika kitabu ya kuwa kazi ni safi. Abiria atakayeketi juu ya bati lile baada ya miaka ishirini hamjui fundi huyo, wala hatapata nafasi ya kumwuliza. Amana yake yote i katika tochi iliyoinamishwa vema, na katika mkono ulioandika kweli.

Maswali

1. Kwa nini nyayo huonekana vizuri asubuhi kuliko saa sita mchana?
2. Jiwe lenye kimo cha milimita 1 lina kivuli cha urefu gani, nuru ikija kwa digrii 45? Na kwa digrii 10?
3. Eleza kwa nini milima ya mwezi haionekani vema mwezi uwapo mpevu.
4. Fanya jaribio la mfuniko wa sufuria. Kwa nini duara huhama taa isogezwapo?
5. Fundi ameona mstari ung'aao juu ya kioo. Atajuaje kama ni uzi au ni mkwaruzo?
6. Kuna mkwaruzo uliolala sambamba na njia ya nuru. Fundi afanye nini apate kuuona?
7. Mafundi wa mwaka 1980 walipaswa kufanya nini kabla ya kuweka kiraka? Ni kazi zipi nyingine, nyumbani au kijijini, ambazo kosa lililofunikwa huwadhuru watu wengine baadaye?